Naomba ushauri: upasuaji wa ngiri, nichague ganzi ya sehemu, ya mgongo au nusu kaputi?

Wakuu, habari zenu. Nina ngiri ya kinena upande wa kulia, natakiwa kupasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Daktari kaniachia nichague: ganzi ya pale panapochanwa tu, sindano ya mgongo, au nusu kaputi. Upasuaji wa matundu madogo na kamera amesema kwake ni nusu kaputi tu, kwa hiyo mimi ni wa kuchanwa kawaida na kuwekewa wavu wa kuimarisha pale palipolegea.

Moyo wangu uko kwenye ganzi ya sehemu, maana unainuka mapema. Ile ya mgongo miguu inakufa ganzi kwa saa kadhaa, na wengine mkojo unagoma, ruhusa inachelewa. Kichwa nacho kinaweza kuuma siku zinazofuata. Nusu kaputi ina kichefuchefu, na mimi hata basi hunitapisha!

Ninachoogopa ni kuwa macho. Unasikia kuvutwavutwa tu, au maumivu hasa? Ukizidiwa katikati wanaongeza dawa ya kutuliza? Mliopitia, na wahudumu wa afya mliomo humu, nisaidieni kabla sijamjibu daktari.