Rafiki yangu amezama katika makundi ya itikadi kali mtandaoni. Nimwache au nimshike?

Mwana wa Kisauni:
Assalaam aleikum. Nina umri wa miaka 18, na naandika kuhusu rafiki yangu mwenye miaka 17, ambaye tumekuwa pamoja tangu enzi za kubeba juzuu kwenda chuoni, yaani madrasa. Mwaka jana, baada ya babake kupoteza kibarua, alianza kukesha na simu. Mwanzoni alinitumia kaswida na video za watoto waliojeruhiwa vitani, nami nililia pamoja naye. Baadaye zikaja sauti za Kiswahili, za mtu asiyejitaja jina, ambazo kidogo kidogo zilimtoa kwenye huzuni zikamtia kwenye kuhukumu watu: fulani ni kafiri, fulani ni murtadi, yaani ameacha dini. Mpira wa ufukweni ameuacha, barazani haji, na wiki iliyopita aliniita mnafiki kwa sababu bado natembea na jirani yetu Mkristo, ambaye sote watatu tumesoma naye darasa moja. Nakiri kwamba nilimjibu kwa matusi. Kumripoti naogopa na kunyamaza pia naogopa, basi nifanye nini?

Mwalimu wa chuo, Likoni:
Waaleikum salaam, mwanangu. Hilo la kukuita mnafiki usilichukulie kuwa ni hasira za ujana tu, kwa maana hao wasajili, wanaowavuta vijana kwenye makundi hayo, kazi yao ya kwanza ni kumtenga kijana na kila mtu anayeweza kumcheka anaposema upuuzi. Wewe na huyo jirani yenu ndio mnaowazuia njia, na ndiyo maana mmeanza kuondolewa nyinyi.

Al-Shabaab wanafahamu Kiswahili chetu vizuri. Tangu mwaka 2012 walikuwa wakitoa jarida la Gaidi Mtaani kwa lugha hii hii, wakigusia manung'uniko ambayo mtu wa Pwani anayafahamu bila kuambiwa, kama vile kuonewa na askari. Manung'uniko hayo yana ukweli ndani yake, na uongo uliochomekwa katikati yake humezeka kwa urahisi. Kwa hiyo usimwambie kwamba kila anacholalamikia ni cha kubuni, kwa sababu hapo atakuona wewe ndiye mwongo.

Tena usijibizane naye kwa aya kwenye simu. Ukimtumia hoja moja, ataipeleka kwa yule mtu wake na kurudi na kumi, nawe utakuwa unabishana na msajili huku ukidhani unazungumza na rafiki yako. Mambo ya dini waachie masheikh wanaoweza kukaa naye ana kwa ana.

Dada wa Majengo:
Nakubaliana na mwalimu, ila naona ameanzia mbali. Kakangu aliondoka nyumbani mwaka 2014 akisema amepata kazi Garissa, na hadi leo hatujui alipo. Katika wiki zake za mwisho aligawa viatu vyake vya mpira, akalipa deni lake dukani, kisha akamwomba mama radhi kwa jambo dogo ambalo mama mwenyewe alikuwa amelisahau. Sisi tulifurahi, tukidhani kijana ametulia. Aliyejua ni rafiki yake mmoja, ambaye alikuja kutueleza siku chache baada ya safari, akilia, kwamba alinyamaza ili asimsaliti mwenzake. Sijamlaumu mbele yake, lakini mpaka leo siwezi kumtazama usoni.

Mwambie mama yake leo. Wala usijidanganye kwamba mwenzako ana akili sana hawezi kufika huko, kwani mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake, ambaye alikuwa chifu huko Mandera, alikuwa amekwisha kuripoti kwamba mwanawe haonekani.

Msaidizi wa sheria:
Niongeze kuhusu polisi, kwa kuwa hofu yako ina msingi na wengi hapa wanajua habari za vijana wa Mombasa waliochukuliwa na wasirudi. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inafanya uanachama wa kundi la kigaidi kuwa kosa kubwa la jinai, na hivyo mzazi anapaswa kutangulia kabla mambo hayajafika huko. Familia ikiamua kwenda kituoni, isiende peke yake. Iandamane na mzee anayeheshimika, na shirika la haki za binadamu kama Haki Africa liarifiwe mapema. Lakini ukisikia habari ya safari, ya silaha au ya mtu aliyelengwa, hapo hakuna kusubiri mzee wala shirika. Video zake usimtumie mtu mwingine yeyote, hata kwa nia ya kuonya. Eleza kwa mdomo ulichokiona.

Mwana wa Kisauni:
Shukrani, wakubwa zangu. Dada, maneno yako yalinikosesha usingizi, na asubuhi nilikwenda kwa mamake. Alikuwa ameona mabadiliko, lakini hakujua kwamba mwanawe ana laini ya pili ya simu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama mwenzangu amewahi kutaja safari. Nilimwambia sijamsikia.

Jioni nilirudi na viazi karai vya kwa yule mama wa kona, nikamwomba rafiki yangu radhi kwa matusi yangu, bila kutaja jambo jingine lolote. Hakunijibu radhi. Alikula, na baada ya kitambo akauliza kama mguu wa jirani yetu umepona, maana aliumia golini mwezi uliopita. Nikamwambia bado anachechemea. Akarudi kwenye simu yake.