Hawkeyes wa Iowa: tatizo ni mratibu, kwotabeki au Ferentz mwenyewe? Tulinganishe (mjadala wa kabla ya msimu wa 2025)

Kivu_Hawkeye (Coralville)
Salaam wadau. Msimu wa 2025 uko mlangoni, na kila wapenzi wa Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, tunapokutana hapa Coralville mabishano ni yaleyale: pointi zitatoka wapi? Naomba safari hii tulinganishe kwa hesabu, hasira tuziweke kando.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni ile ambayo kocha Kirk Ferentz ameishikilia tangu msimu wake wa kwanza mwaka 1999: ulinzi mkali, mpira upigwe mbali kwa mguu, kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) asipoteze mpira, tushinde 13-10 twende nyumbani. Ya pili ni kubadili mratibu wa mashambulizi, na hilo tumeshalifanya: Brian Ferentz, mwana wa Kirk, aliondoka, akaja Tim Lester mwaka 2024. Ya tatu ni kumchukua kwotabeki aliyekwisha kukomaa kwenye chuo kingine, ndiyo maana msimu huu wa 2025 tuna Mark Gronowski.

Sasa hesabu. Mwaka 2022 tulifunga wastani wa pointi 17.7 kwa mechi. Mwaka 2023 tukashuka hadi 15.4, na kwa yadi tulikuwa wa mwisho Marekani nzima katika ngazi yetu. Lester akaja, 2024 tukafika 27.7. Kwangu jibu liko wazi, mratibu ndiye aliyekuwa anatukwamisha. Nani anapinga?

MkenyaCedarRapids
Napinga mimi. Hiyo 27.7 ukiitazama mechi moja moja inakupa picha nyingine kabisa. Tarehe 2 Novemba 2024 tunaipiga Wisconsin 42-10 hapa Kinnick, uwanja wetu. Siku sita baadaye tuko Pasadena, karibu na Los Angeles, UCLA wanambana mkimbiaji wetu Kaleb Johnson, tunafungwa 20-17. Wiki chache nyuma ni hivyohivyo: Michigan State wanatupiga 32-20, kisha Northwestern anakula 40-14. Mratibu ni huyohuyo, wachezaji ni haohao.

Kaleb alikimbia yadi 1,537 na tachidauni 21 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) msimu ule. Siku akipata njia, Lester anaonekana fundi. Siku njia ikizibwa hatuna pa kwenda, kwa sababu pasi zetu haziogopwi na mtu. Na Kaleb sasa ameingia timu ya kulipwa, Pittsburgh Steelers. Hayupo tena.

Msomaji_Dar
Kaka zangu, niko Dar, mdogo wangu anasoma huko ndiye aliyeniambukiza mchezo huu. Nisaidieni jambo moja. Mnasema 2023 mlikuwa wa mwisho kwa mashambulizi nchi nzima, halafu naona mlishinda mechi 10 na kufungwa 4. Inakuwaje? Huku kwetu timu isiyofunga inashuka daraja.

Kivu_Hawkeye (Coralville)
Swali zuri kaka. Kwenye mchezo huu mahali unapouanzia mpira ni nusu ya vita. Ukishindwa kusonga mbele unaupiga mpira kwa mguu kuwapa wapinzani, na ukiupiga vizuri wanaanzia karibu kabisa na mstari wao wenyewe. Sisi tulikuwa na Tory Taylor, kijana wa Melbourne, Australia. Mwaka 2023 mipira yake ilikwenda jumla ya yadi 4,479, akavunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1938, na akachukua tuzo ya Ray Guy ya mpigaji bora wa mipira hiyo. Watu hapa walivaa fulana za kumshangilia yeye, si kwotabeki.

Mfano mzuri ni ule wa tarehe 3 Septemba 2022. Tunacheza na South Dakota State, timu ya ngazi ya chini yetu. Tulishinda 7-3 bila tachidauni hata moja. Pointi 3 zilitokana na goli la mguu. Nne zilizobaki zilitoka kwa ulinzi: mara mbili tuliwakamata na mpira ndani ya eneo lao la mwisho, na kila mara unapewa pointi 2. Mashambulizi yetu kwa dakika 60 yalileta pointi 3 tu.

Na kwotabeki wa South Dakota State siku hiyo alikuwa nani? Mark Gronowski. Msimu huohuo akawapa ubingwa wa ngazi yao, na 2023 tena.

YayaWaWodi
Nasoma hapa nikiwa na jambo la kusema. Nafanya kazi kwenye hospitali ya watoto ya chuo, ile inayotazamana na uwanja. Siku ya mechi, robo ya kwanza ikiisha, watu karibu elfu sabini wanageuka kuwapungia mikono watoto wetu madirishani, na wachezaji na makocha wanapunga pia. Nimesimama pale juu nikiwa nimemshika mtoto mwenye mrija mkononi, anapunga kwa mkono ule mwingine, hataki ashushwe. Kwa hiyo mkisema Ferentz aondoke, mimi moyo wangu unakataa. Ila kando ya moyo nina hoja pia.

Iowa ina watu milioni tatu na kidogo. Vijana wenye vipaji vya juu wanaokulia hapa hawafiki robo ya wale wa Ohio au Texas. Ohio State anachagua, sisi tunatafuta. Ferentz anamchukua kijana wa shamba asiyetazamwa na mtu, anamkuza miaka mitatu, minne. George Kittle alipita hapa. T.J. Hockenson na Noah Fant walichaguliwa wote wawili raundi ya kwanza ya NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 2019, taiti endi (wapokeaji wanaozuia pia) wawili wa chuo kimoja mwaka mmoja. Sam LaPorta akafuata. Mtindo wa kutokosea ndio unaoipa timu ya aina hii mechi 8, 9, 10 kila mwaka. Fungua mchezo, anza kurusha mpira ovyo, utarudi kushinda 4. Mimi nabaki njia ya kwanza.

NduguDesMoines
Yaya, kwa heshima, umetaja taiti endi wanne ambao leo wanalipwa mamilioni huko NFL. Walipokuwa hapa mpira uliwafikia mara ngapi? Vipaji vilikuwepo. Na njia ya kwanza ina ukuta wake, tazama tunapokutana na wakubwa. 2021, fainali ya Big Ten, ligi yetu ya vyuo, Michigan 42-3. 2022, Ohio State 54-10. 2023 tulitoka bila pointi mara tatu: Penn State 31-0, Michigan 26-0 kwenye fainali, Tennessee 35-0 siku ya Mwaka Mpya. Ukianza kwa kupanga kutokosea, mwenzako akiongoza kwa pointi 14 huna namna ya kumfuata.

Halafu lipo lile la baba na mwana, ambalo watu wanalizunguka. Kirk alimpa Brian uratibu mwaka 2017. Kwenye karatasi Brian aliripoti kwa mkurugenzi wa michezo, wala si kwa baba yake. Lakini nani kati yetu, aliyekulia kwenye familia, anaamini mzee atamkemea mwanawe mbele ya wafanyakazi kama angemkemea mgeni? Februari 2023 wakamwekea masharti: timu ifunge wastani wa pointi 25 na ishinde mechi 7, mshahara ukashushwa hadi dola 850,000. Tena pointi za ulinzi nazo zilihesabiwa! Mwisho wa Oktoba kaimu mkurugenzi Beth Goetz akatangaza kwamba Brian ataondoka msimu ukiisha. Mwezi mmoja kabla ya hapo ningekuwa nakubaliana na Kivu kwamba ni mratibu. Nilipoona baba alivyochukizwa na tangazo lile, nikajua mpango ulikuwa wa nani tangu mwanzo.

MkenyaCedarRapids
Hapo kwa Brian tuwe waungwana kidogo. Ni yeye aliyepanga mashambulizi siku tulipoipiga Ohio State 55-24, Novemba 2017. Nate Stanley alirusha tachidauni 5 siku ile. Mtu asiyejua kazi hafanyi hivyo.

Mwalimu_IowaCity
Habari zenu vijana. Niko mji huu tangu enzi za Ken O'Keefe, mratibu wa kwanza wa Ferentz, kwa hiyo niruhusuni nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 2002 Brad Banks alikuwa kwotabeki wetu. Tulishinda mechi 11, hatukufungwa hata moja ndani ya Big Ten, na Banks akawa wa pili kwenye tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Mratibu O'Keefe, kocha mkuu Ferentz. Mwaka 2015 tulimaliza mechi 12 za kawaida bila kufungwa, kwotabeki C.J. Beathard, mratibu Greg Davis, kocha mkuu Ferentz. Mwaka 2017 ile 55-24, kwotabeki Stanley, mratibu Brian, kocha mkuu Ferentz. Waratibu watatu tofauti, na wote walipata siku zao kubwa walipokuwa na kijana anayeweza kurusha. Kwotabeki akiwa dhaifu, waratibu haohao walizomewa.

Kwa hiyo kati ya njia tatu za Kivu mimi naegemea ya tatu. Lakini naongeza neno. Ferentz anamwamini kwotabeki baada ya kuthibitishiwa, si kabla. Kijana mpya hapewi nafasi ya kukosea, na asiyepewa nafasi ya kukosea hajifunzi kurusha. Ndiyo maana kijana wa kukuza humuhumu haivi. Ukitaka Ferentz alegeze kamba, mletee mtu aliyekwisha kuthibitisha kwingine.

MkenyaCedarRapids
Mwalimu shikamoo. Njia ya tatu si tumeshaijaribu? Cade McNamara alikuja kutoka Michigan akiwa ameshachukua ubingwa wa Big Ten, na kila mtu mjini alisema hayahaya. Tarehe 30 Septemba 2023 goti likakatika, na msimu ukaishia mikononi mwa Deacon Hill. 2024 akarudi, akaumia kichwa dhidi ya Northwestern. Akaingia Brendan Sullivan, naye akaumia. Tukamaliza msimu wa kawaida na Jackson Stratton, kijana aliyekuja bila hata ufadhili wa masomo. Gronowski mwenyewe amefanyiwa upasuaji wa bega baada ya msimu uliopita. Unaweka mayai yote kwenye bega moja.

Mwalimu_IowaCity
Marahaba. Hoja yako ni nzito na siikwepi. McNamara alifika na jeraha, na mbele yake mstari wa kumlinda ulikuwa unavuja. Mwaka huu mstari huo umekomaa, na tofauti hiyo ni kubwa.

Ngoja niwape picha ya Novemba 29, 2024, tunacheza na Nebraska. Baridi ya kukata masikio. Dauni ni jaribio la kusonga mbele; unapewa manne ya kusogea yadi 10, ukizifikisha umepata dauni ya kwanza na kuanza upya. Kipindi chote cha kwanza hatukupata dauni ya kwanza hata moja. Hata moja! Mpira unakuja, tunakimbia katikati, tunakimbia katikati, dauni ya tatu tunarusha kitu cha yadi tatu, tunaupiga mpira. Nebraska anaongoza 10-0. Watu waliokaa nyuma yangu walinyamaza, na Kinnick ikinyamaza unasikia makocha wakiita. Kisha kipindi cha pili Kaleb anapewa pasi fupi nyuma ya mstari, anageuka, anakwenda yadi 72 mpaka tachidauni. Mwishoni ulinzi ukawapokonya mpira na Drew Stevens akapiga goli la mguu la yadi 53 saa ikiisha. 13-10.

Uwanja mzima uliruka. Nami niliruka. Lakini nilijiuliza pasi ile ilikuwa wapi dakika 30 za kwanza. Ilikuwa kwenye daftari la Lester muda wote, isipokuwa haikuitwa. Huo ndio mjadala wetu halisi, kwa sababu mratibu anaandika daftari, na kocha mkuu ndiye anayeamua lifunguliwe hadi ukurasa gani.

YayaWaWodi
Mwalimu, umesema kwamba baada ya hayo yote tulishinda. Sisi ndio tulioshinda!

NduguDesMoines
Tulishinda Nebraska, Yaya. Karibu miezi mitatu kabla, Iowa State tulikuwa tunawaongoza 13-0 wakati wa mapumziko, tukajifungia, wakatufunga 20-19. Mtindo uleule uliotoa ushindi mmoja umetunyima mwingine.

Msomaji_Dar
Sasa nimeanza kuelewa. Je, hakuna njia ya nne, kumbadili kocha mkuu?

Kivu_Hawkeye (Coralville)
Kaka, mkataba wake unakwenda hadi 2029, zaidi ya dola milioni 7 kwa mwaka. Tena anaingia msimu wa 2025 akiwa na ushindi 204 hapa Iowa, anahitaji 2 tu kumpita Woody Hayes, kocha wa zamani wa Ohio State, na kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya Big Ten. Hakuna mkurugenzi atakayemgusa mwaka huu. Nami nisingetaka aguswe.

Ila nakiri Mwalimu amenisogeza. Pesa sasa ipo: tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26 kwa michezo yote. Kama sehemu yake inaweza kutuletea kwotabeki aliyeiva kila baada ya mwaka mmoja au miwili, hiyo ni nafuu kuliko kufukuza waratibu. Nabadilisha mpangilio wangu: kwotabeki kwanza, mratibu wa pili.

MkenyaCedarRapids
Mimi sibadilishi. Bila wapokeaji wa kuogopwa, hata Gronowski atakuwa mkimbiaji mwenye jezi ya kwotabeki. Ninyi hesabuni tachidauni zake za miguu na za mkono, tutaona zipi zitazidi.

Mwalimu_IowaCity
Basi tuwe na kipimo kimoja. Septemba 6 tunakwenda Ames kwa Iowa State. Msitazame matokeo peke yake. Chukueni karatasi, andikeni kila dauni ya tatu yenye zaidi ya yadi saba: tumerusha kupita alama ya dauni ya kwanza, au tumerusha chini yake na kutegemea bahati? Jioni kila mtu alete karatasi yake hapa.

YayaWaWodi
Niko zamu Jumamosi hiyo, lakini nitaandika.

NduguDesMoines
Nami. Na dauni ya nne zikiwa zimebaki yadi mbili tukiwa nusu ya uwanja wao, hizo nazo mziandike.