Shule yetu iitwe Grace Onyango, au jina la zamani libaki?

Mama Pacha: Habari zenu. Niko kwenye bodi ya shule ya msingi ya umma hapa Kisumu. Nimependekeza tuipe jina la Grace Onyango. Mzee mmoja akaniuliza, "Kwani alitujengea darasa gani?" Nikakosa la kusema, na mdomo wangu si wa kukosa! Nimjibu vipi?

Mwalimu Mstaafu: Dada, anza na chaki. Yule mama alikuwa mwalimu kabla ya siasa. Mwaka 1965 akawa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza Kenya kushika cheo hicho. Mwaka 1969 akachaguliwa mbunge wa Kisumu Mjini, na hapo tena hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa bungeni kabla yake. Mzee anataka matofali. Mwambie kuna waliofungua mlango.

Jirani wa Kondele: Mimi jina silipingi. Shida ni muhuri, beji za sweta, ubao wa lango. Nani atalipa? Msije mkatuchangisha wazazi.

Mama Pacha: Sweta za zamani zitavaliwa hadi zichakae, hilo nitalidai liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwalimu Mstaafu: Vizuri. Na familia yake muiombe ridhaa mapema, kabla fundi hajashika brashi. Halafu andikeni jina lote. Mkiandika "Onyango" peke yake, nusu ya watoto watadhani ni mwanamume.

Mama Pacha: Hilo la mwisho sikuwa nimeliwaza kabisa. Kikao ni Alhamisi.