Ushauri wa haraka: je, teknolojia itatosha kulisha watu miaka 50 ijayo? Nina uamuzi Ijumaa

Jembe Jipya (mleta mada)
Habarini wanajukwaa. Nimebakiwa na siku tatu na usingizi sipati. Naomba mnijibu kwa uzito: teknolojia ya kilimo itaweza kweli kutulisha huko tuendako? Mwaka 2022 tulifika watu bilioni 8, na Umoja wa Mataifa unakadiria tutapita bilioni 10 ndani ya karne hii. Nikisoma habari za mbegu chotara na uhariri wa jeni, yaani kubadili vinasaba vya mmea, napata moyo. Nikisoma za ukame nanywea. Nina shamba la urithi na kuna karatasi natakiwa kuitia saini. Niiamini teknolojia au nisiiamini?

Hesabu Kwanza
Lala mkuu. Mwanauchumi Malthus alionya mwaka 1798 kwamba watu wataongezeka kuliko chakula. Mwaka 1909 mwanakemia Haber akafanikiwa kuibana nitrojeni ya hewani iungane na hidrojeni, ndiyo njia ya kutengeneza mbolea, na mwaka 1913 mwenzake Bosch akawa ameshaipeleka kiwandani. Leo inakadiriwa karibu nusu ya binadamu wanakula mazao yaliyokuzwa kwa mbolea iliyozaliwa pale. Akaja mtafiti wa mazao Borlaug na ngano fupi isiyolala kwa uzito wa masuke, akapewa Nobeli ya Amani mwaka 1970. Mwaka 1961 hekta ya ngano duniani ilitoa wastani wa tani 1 na kidogo, sasa inatoa zaidi ya 3. Saini.

Mama Wawili
Hesabu Kwanza, unahesabu kilichovunwa tu. Hesabu na kinachotupwa. Mwaka 2022 zaidi ya tani bilioni 1 za chakula zilitupwa majumbani, mikahawani na madukani. Mwaka uliofuata watu wapatao milioni 733 waliishi na njaa. Bengal kule India mwaka 1943 walikufa mamilioni kwa njaa, na mwanauchumi Amartya Sen alikuja kuonyesha kwamba chakula kilikuwepo, ila maskini hawakuwa na uwezo wa kukipata. Mimi nimelea wanangu kwa kibarua cha jikoni hotelini, nimemwaga masufuria mazima ya chakula safi huku nyumbani hawajala. Hakuna mashine itakayotibu hilo kama moyo haujatibiwa.

Kucha ya Simba
Mleta mada, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya mwaka 2075. Karatasi gani hiyo?

Jembe Jipya
Ni mkataba wa kilimo. Kampuni inaleta mbegu chotara ya mahindi, mbolea na mtaalamu, na mavuno inanunua yenyewe. Shamba lote aina moja, miaka mitano. Wala si jambo la ajabu, wengi wamejiunga. Na niwe mkweli, kianzio nimeshapokea na kimelipa madeni. Kwa hiyo msinishauri kama mtu ambaye hajaanza. Nachotaka kujua ni kama njia yenyewe ni sahihi kwa siku zijazo.

Hesabu Kwanza
Sasa wewe umeshaamua, unatafuta mashahidi!

Nyuki wa Mchana
Aina moja shamba lote? Someni ya Marekani mwaka 1970. Zaidi ya robo tatu ya mahindi chotara ya nchi yalikuwa yametokana na ukoo mmoja wa upande wa mama, kwa sababu uliwarahisishia wazalishaji kazi. Ukaja ukungu wa majani unaopenda ukoo huohuo. Msimu mmoja tu, karibu asilimia 15 ya mahindi ya nchi nzima ikapotea. Na hao walikuwa na maabara za kila aina.
Mimi niliwahi kupanda nyanya za mbegu moja kwenye nusu ya shamba langu. Jumatatu niliona doa, Jumapili nikang'oa zote. Mke wangu hakusema neno, na ule ukimya wake uliniuma kuliko hasara.

Hesabu Kwanza
Lakini malizia hadithi. Wazalishaji walirudi kwenye ukoo wa zamani na misimu iliyofuata mahindi yakasimama. Teknolojia ilijirekebisha.

Ghala Baridi
Ilijirekebisha kwa sababu ukoo wa zamani ulikuwa bado upo. Nimefanya kazi miaka 11 kwenye hifadhi ya mbegu, na hili nalisema kila nikipata nafasi. Miaka ya 1970 kirusi cha kudumaza mpunga kilipoivamia Asia, taasisi ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino ilipima maelfu ya sampuli. Kinga ilipatikana kwa mpunga pori mmoja kutoka India, gugu ambalo hakuna mkulima angelitaka. Mwaka 1976 ikatoka aina ya mpunga iitwayo IR36 yenye kinga hiyo, ikaenea kwenye mamilioni ya hekta. Mkasi wa jeni unajua kukata na kuunga, lakini lazima mtu aujulishe ukate wapi, na mara nyingi tunajifunza hilo kwa mmea ambao umeshapigana na ugonjwa ukashinda.
Kaka, umetaja shamba la urithi. Mbegu je, hukurithi?

Jembe Jipya
Zipo. Marehemu mama aliacha chupa 31 za maharage, kila chupa aina yake, kuna zenye karatasi ya mwaka 1987. Mkataba hauruhusu mbegu nyingine ndani ya shamba. Nilikuwa nimepanga kuyachemsha maharage yote watu wale, yaishe kwa heshima. Dada yangu hajui habari ya mkataba. Lakini jamani, chupa 31 zitalisha dunia? Si ndiyo maana kuna ghala la mbegu za dunia la Svalbard kule Norwe, lenye sampuli zaidi ya milioni moja?

Kucha ya Simba
Hapo umenipoteza. Maharage ya 1987 kwenye chupa, joto la nyumbani, hadi leo bado ni mbegu? Hii ni chai, wakuu. Kwanza swali la dunia nzima, halafu mkataba, halafu dada, sasa chupa za marehemu. Kesho atatuambia chupa zinaongea.

Nyuki wa Mchana
Nami nimeanza kushuku. Weka picha.

Mama Wawili
Mwacheni. Mtu anaweza kusimulia vibaya jambo la kweli.

Jembe Jipya
Sio chai. 1987 ndio mwaka mama alioanza kupanda aina hiyo, sio mwaka wa punje zilizomo. Kila msimu alipanda chupa nane au kumi kwa zamu, akavuna, akajaza upya. Aliwahi kuniita nijifunze ile zamu, nikamwambia nina kazi. Amefariki miaka minne iliyopita na tangu hapo hakuna aliyepanda hata moja. Hilo ndilo sikutaka kuliandika. Sijui kama bado ziko hai, na sijathubutu kuangalia.

Ghala Baridi
Asante kwa kusema. Hata Svalbard, kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mbegu hazikai milele, na ghala lile linatunza tu kilicholetwa. Cha mama yako hakikuletwa.
Usitie saini Ijumaa. Kila chupa toa punje 10, zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka penye joto la wastani, kisikauke wala kisielee maji. Siku ya nane hesabu zilizoota. Chupa dhaifu ndiyo ipandwe kwanza. Kisha iandikie hifadhi ya mbegu ya taifa lako, na uombe kampuni ikuachie kipande kimoja nje ya mkataba. Na mwambie dada yako leo.

Jembe Jipya
Narudi baada ya siku tisa. Chupa 19 zimeota punje tatu hadi saba kwa kumi. Nne zimetoa punje mojamoja. Nane hakuna kitu. Kampuni imekubali kusubiri wiki mbili lakini kuhusu kipande haijajibu. Dada alikata simu, akapiga tena usiku, anakuja kesho asome mkataba. Yale meupe yenye jicho jekundu, ambayo mama aliyapenda kuliko yote, yametoa moja. Nimeipanda kwenye kopo dirishani. Picha hiyo hapo chini.

Kucha ya Simba
Nimeiona. Nafuta neno langu, ndugu. Toboa kopo chini maji yapite, na punje zilizobaki za chupa hiyo zipandwe zote msimu huu, usiache hata moja.