Naomba ushauri: bendi ya roki ya watu watatu, Mwanza

Habari za jioni wakuu. Sisi ni marafiki watatu tuliokulia Kirumba. Sasa tumevuka miaka 55 na tumeanzisha bendi ya roki nzito, ile ya zamani: gitaa, besi, dramu, basi. Mazoezi tunafanyia kwenye stoo ya mwenzetu Bwiru, jiwe kubwa likiwa nyuma ya ukuta.

Shida ni kwamba nikianza solo ya gitaa, muziki chini yake unabaki mtupu. Mpiga besi wetu vidole vimezoea dansi, anaacha nafasi ijazwe na gitaa la ridhimu, ambalo hatuna. Bendi ya Cream ya Uingereza, 1966, walikuwa watatu tu, na Jack Bruce alipiga besi huku akiimba!

Mpiga besi wetu ajifunze kujaza, au tutafute mpiga kinanda? Moyo wangu haumtaki mtu wa nne. Mliowahi kupiga, naombeni msaada.