Naomba ushauri: kamati ya esteti yasita kuhusu nyasi bandia

Ndugu zangu, salaam. Nakaa Malindi, esteti yenye kamati ya wenye nyumba. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, nyasi zimekauka zote, na mfereji hutoka usiku wa manane, ukipenda. Nikaomba kibali cha kutandika nyasi bandia mbele ya nyumba. Wakataka barua, kipande cha sampuli na mchoro wa maji ya mvua yatakavyopita. Nimepeleka vyote. Sasa mwenyekiti asema zitawachoma watoto miguu jua la kaskazi. Hapo, wallahi, hakukosea: nilizikanyaga kwa muuzaji saa saba mchana, pekupeku, nikaruka! Aliyewahi kupitishiwa, uliwaambiaje? Nikiahidi kupanda mwarobaini wa kivuli watalegea? Na wakikubali kwa mdomo tu, nianze kazi au nidai maandishi kwanza?