Naomba ushauri: nyumba ni yake, ua ni wa ukoo

Habari zenu wakuu. Nataka kununua nyumba kijijini, wilaya ya Muheza. Muuzaji ana karatasi ya mauziano ya marehemu baba yake, ina muhuri wa kijiji, ila imetaja nyumba tu. Ua wenye kisima na minazi sita ni wa ndugu wanne, na njia ya kuingilia inapita humohumo. Mirathi haijafunguliwa mahakamani. Anasema nduguze "hawana neno", lakini dada mkubwa hata salamu yangu hakuitikia.

Naogopa, hela yenyewe ni kiinua mgongo cha mama. Najua ardhi ya kijiji ina sheria yake ya 1999 na halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Je, nidai kwanza msimamizi wa mirathi ateuliwe, au saini za ndugu wote zinatosha? Na haki ya njia na kisima iandikweje kwenye mkataba?